Vimea vya ndengu na haki ya kuwa na mbegu

Kila aliyepitia shule ya msingi humu nchini, awe alisoma chini ya mfumo wa zamani wa kabla ya 1985, awe ni zao la 8-4-4, au awe ni mtoto wa mtaala huu wa umilisi, aliwahi kuotesha harage ndani ya mkebe wenye pamba iliyoloweshwa. Mwalimu wa sayansi alituagiza tutazame jinsi mzizi unavyotangulia kutokeza, jinsi ganda linavyopasuka na jinsi majani mawili ya kwanza yanavyojikunjua. Tulichora, tukaandika majina ya sehemu za mbegu, tukasahihishiwa, kisha mkebe ukatupwa jalalani pamoja na kilichokuwa ndani yake. Somo likaishia hapo. Sikumbuki mwalimu wala mwanafunzi aliyeuliza iwapo kile kilichokuwa kikiota dirishani kilikuwa na uhusiano wowote na chungu cha jikoni.

Sasa swali hilo limetujia kwa mlango mwingine kabisa. Ingia katika duka kubwa lolote la mitaa ya wenye nacho jijini Nairobi, utaona vijisanduku vya plastiki angavu vyenye ndengu zilizochipua, au vimiche vya figili na kabeji vya urefu wa kidole, vilivyokatwa kabla ya kufikisha wiki mbili. Wapishi wa mahoteli huvinyunyiza juu ya samaki kama mapambo. Vijana wasio na ajira nao wanahimizwa wavioteshe kwenye roshani za nyumba za kupanga, na wanaowahimiza wanawaahidi mambo mawili kwa pamoja: afya na utajiri. Nimesikiliza ahadi hizo kwa makini. Baadhi ni za kweli, baadhi zimetiwa chumvi, na kuna jambo moja ambalo karibu kila mtu amelipita kimya, nalo ni suala la mbegu zenyewe. Nani anazo, nani anaruhusiwa kuzitoa, na zimepakwa nini?

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Mbegu iliyolowekwa ikachipua, ikaliwa nzima pamoja na mzizi wake baada ya siku tatu hadi tano, nitaiita kimea. Neno hilo si geni. Kamusi zetu hulitumia kwa nafaka iliyooteshwa kwa ajili ya togwa au pombe, na sioni sababu ya kulinyima ndengu heshima hiyo. Mche uliooteshwa juu ya udongo au makumbi ya nazi yaliyosagwa, ukapata mwanga, ukakatwa juu ya mzizi baada ya wiki moja au mbili, nitauita mboga changa. Na ndengu ndiyo ile ile ambayo watu wa pwani huiita pojo na ndugu zetu wa Tanzania huiita choroko. Walimu wa Kiswahili wakitaka kunikosoa, uwanja ni wao, almuradi tujue tunazungumzia kitu gani.

Je, kimea kina manufaa gani hasa? Mbegu kavu ni ghala lililofungwa. Imejaa wanga, protini na madini, lakini sehemu ya madini hayo, hasa chuma na zinki, imeshikwa na kemikali iitwayo faiteti, ambayo tumbo la binadamu haliwezi kuifungua ipasavyo. Maji yanapoingia, vimeng'enya huamka. Faiteti huanza kuvunjwa, wanga huanza kugeuzwa kuwa sukari, zile sukari zinazosababisha tumbo kujaa gesi hupungua, na vitamini C, ambayo katika mbegu kavu ni haba mno, huanza kutengenezwa upya.

Jambo hili la vitamini C lilithibitishwa kwa gharama ya maisha ya watu. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Uingereza, ambalo sehemu kubwa yake lilikuwa la askari wa Kihindi, lilizingirwa na Waturuki mjini Kut, katika nchi ambayo leo ni Iraki, tangu Desemba 1915 hadi Aprili 1916. Wengi wa askari hao wa Kihindi walikataa kula nyama ya farasi kwa sababu za dini na mila, na mboga hazikuwapo. Kiseyeye kikawashika, fizi zikavimba na kutoka damu, nguvu zikawaisha. Wakati huo huo wa vita, jijini London, wanasayansi wawili wanawake wa Taasisi ya Lister, Harriette Chick na Margaret Hume, walikuwa wakiwalisha wanyama wa maabara vyakula mbalimbali ili wajue kipi huzuia kiseyeye. Waligundua kwamba dengu na njegere kavu hazikuzuia lolote, ilhali zile zilizolowekwa kwa siku moja na kuachwa zichipue kwa takriban siku mbili zilizuia. Wakapendekeza kwamba askari walio mbali na mashamba wapewe jamii ya kunde iliyochipua. Hii ilikuwa kabla ya mtu yeyote kuitenga vitamini C yenyewe, kazi iliyokuja kukamilika katika miaka ya 1930.

Miaka karibu 150 kabla yao, nahodha James Cook alibeba kimea cha shayiri katika meli yake iliyong'oa nanga 1768, akiamini kwamba kingewakinga mabaharia wake. Kilikuwa kimea kilichokaushwa kwa moto, na kwa hivyo vitamini karibu yote ilikuwa imeshaangamia. Mabaharia wake walinusurika, lakini kwa sababu nahodha huyo aliwalazimisha kula mboga mbichi katika kila bandari. Nautaja mfano huu kwa sababu unatuonya tusiseme tu kwamba "kimea kina vitamini" bila kuuliza ni kimea kipi na kimefanyiwa nini.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wauzaji wa ndoto. Gramu 100 za ndengu kavu zina takriban gramu 24 za protini na nguvu ya karibu kalori 350. Gramu 100 za vimea vyake vibichi vina protini gramu 3 hivi na kalori 30. Protini haikupotea, ni maji yaliyoongezeka, kwa kuwa sehemu tisa katika kumi za kimea kilichokua ni maji. Anayekuambia kwamba kilo moja ya ndengu "imezaa" kilo tano za chakula amekuuzia maji kwa bei ya nafaka. Vitamini C ya vimea hivyo nayo ni miligramu 13 hivi kwa kila gramu 100, ilhali sukuma wiki mbichi huipita mara kadhaa. Ni kweli kwamba watafiti wa Marekani waliopima aina 25 za mboga changa mwaka 2012 walizikuta nyingi zikiwa na vitamini kwa wingi kuliko majani yaliyokomaa ya mmea ule ule, gramu kwa gramu. Lakini nani hula gramu 200 za mboga changa? Huliwa kwa ncha za vidole. Familia yenye uwezo wa kununua fungu la sukuma au mchicha kila jioni haikosi kitu kikubwa kwa kutokuwa na vijisanduku vile vya plastiki.

Basi faida iko wapi? Kwa maoni yangu iko mahali pale ambapo sukuma wiki haipo. Iko Kitui na Makueni wakati wa kiangazi, wakati shamba limekauka lakini debe la ndengu bado limo ghalani. Iko katika shule ya bweni ambayo chakula chake ni githeri Jumatatu hadi Jumapili. Iko katika chumba kimoja cha Mathare au Kibera ambapo hata gunia la udongo, lile ambalo wakazi wengi walifunzwa kulipandia mboga baada ya machafuko ya 2008, halina pa kuwekwa. Kimea hakihitaji jua wala udongo wala jembe. Kinahitaji bakuli, kitambaa safi, maji ya kusuuzia mara mbili au tatu kwa siku, na subira ya siku mbili.

Na iko kwa mtoto mchanga. Utafiti wa hali ya afya na idadi ya watu uliofanywa nchini mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 18 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Tumepiga hatua, kwani mwaka 2014 ilikuwa asilimia 26, lakini karibu mtoto mmoja katika kila watano si jambo la kujivunia. Sababu ni nyingi, na mojawapo ni uji. Mama akitaka uji uwe mwepesi wa kunyweka hutia unga kidogo, na mtoto hushiba maji. Akitia unga wa kutosha, uji huwa mzito kama ugali na mtoto huukataa. Kijiko kimoja cha unga wa kimea cha wimbi kikitiwa katika uji mzito uliopoa kidogo, vimeng'enya vyake huukata uzito huo kwa dakika chache, na mtoto huweza kunywa chakula kilichoshiba unga. Uji hurudishwa motoni uchemke tena kidogo kabla ya kunywewa. Huko Tanzania, Taasisi ya Chakula na Lishe ilihimiza akina mama watumie kimea kwa namna hii tangu miaka ya 1980. Huku kwetu maarifa hayo yalikuwapo tele kwa nyanya zetu wa Magharibi na Nyanza waliokuwa wakianika kimea cha wimbi uani. Bahati mbaya kimea hicho kilikuwa cha busaa, na kwa kuwa pombe ilipigwa vita na wamishonari, machifu na walimu wakuu, tuliitupa elimu ya kimea pamoja na chungu cha pombe. Sijasikia bado mtahini akiuliza kuhusu kimea cha wimbi katika mtihani wa taifa, ingawa karibu kila mtahiniwa alikuzwa kwa uji.

Wasomaji ambao wamekwisha kuinuka waloweke ndengu naomba waketi kwanza. Lipo jambo la hatari, na mwandishi anayelificha anawadhulumu wasomaji wake.

Mwezi Julai 1996, katika mji wa Sakai nchini Japani, maelfu ya wanafunzi wa shule za msingi waliugua kwa kuhara damu baada ya kula chakula cha mchana cha shule. Wengine walikufa. Bakteria aliyehusika ni yule wa aina ya koli mwenye sumu, na wachunguzi wa serikali walielekeza kidole kwenye vimiche vya figili vilivyoliwa vibichi. Wakulima wa figili walianguka kibiashara, hata waziri wa afya Naoto Kan, aliyekuja kuwa waziri mkuu mwaka 2010, akala vimiche hivyo mbele ya kamera za televisheni ili kuwatuliza wananchi. Wakulima walikwenda mahakamani kulalamikia jinsi serikali ilivyotoa tangazo lake, wakashinda. Miaka 15 baadaye, Mei 2011, balaa hilo lilizuka Ujerumani. Kwanza walilaumiwa wakulima wa matango wa Uhispania, ambao waliona mazao yao yakitupwa bila kosa. Hatimaye ikabainika kuwa chanzo ni vimea vilivyooteshwa kutokana na mbegu za uwatu zilizotoka Misri. Watu karibu 4,000 waliugua na zaidi ya 50 wakafa. Mwezi Juni mwaka huo huo, karibu na mji wa Bordeaux nchini Ufaransa, watu kadhaa waliugua baada ya hafla katika kituo cha watoto, na uchunguzi ukaelekea kwenye vimea vya mbegu za asili ile ile. Mbegu hizo hazikutoka kiwandani. Zilinunuliwa katika duka la vifaa vya bustani zikaoteshwa kienyeji, kama vile wewe na mimi tungefanya.

Sababu yake ni rahisi kueleweka. Joto na unyevu vinavyoamsha mbegu ndivyo vinavyoamsha bakteria pia. Chembe chache zilizojificha katika mkwaruzo wa ganda huweza kuwa mamilioni baada ya siku mbili, na haziondoki kwa kusuuzwa, maana zimo ndani. Ikiwa nchi zenye maabara kila kona zimekumbwa na maafa haya, sembuse sisi ambao kipindupindu kilichozuka Oktoba 2022 kiliendelea kutusumbua mwaka uliofuata katika kaunti nyingi? Kwa hiyo ushauri wangu, hasa kwa shule, hauna mzunguko: vimea vipikwe. Vitumbukizwe katika sufuria inayochemka na viive. Sehemu ya vitamini C itapotea, lakini chuma na zinki vilivyofunguliwa havipotei kwa moto, na chakula hulainika haraka kuliko ndengu kavu, jambo ambalo mpishi wa shule anayelipia kuni atalielewa bila kufundishwa. Anayetaka saladi mbichi nyumbani kwake ni mtu mzima, achague mwenyewe. Mtoto wa mwenzio, mama mjamzito, mzee na mgonjwa wasichaguliwe.

Kuna pia mbegu zisizofaa kabisa kuliwa changa. Harage letu la mkebe wa pamba lina sumu ambayo kuchipua hakuiondoi, na lazima lichemshwe sawasawa. Nyanya, biringanya na pilipili ni za ukoo ambao majani yake machanga yana sumu. Mtama ndio unaonishangaza zaidi, kwa kuwa ni chakula chetu cha kutegemewa wakati wa ukame, lakini chipukizi lake hutengeneza sayanidi, ile ile inayoua ng'ombe wanaoingia katika shamba la mtama mchanga. Wazee waliotengeneza kimea cha mtama walikikausha, wakasugua mizizi na machipukizi yakatoka, ndipo wakasaga na kupika. Hakuna aliyewaandikia kanuni ya kemia, lakini walijua. Isitoshe, nafaka iliyoota kuvu haitakaswi kwa kuoteshwa. Tusisahau kwamba mwaka 2004 sumukuvu katika mahindi iliua watu 125 katika nchi hii, wengi wao katika Makueni na Kitui.

Nimesema kwamba suala kuu ni mbegu. Mwalimu mmoja wa somo la kilimo alinisimulia jinsi wanafunzi wake walivyotumwa kununua mbegu za mboga ili waoteshe mboga changa darasani, wakarudi na pakiti zenye mbegu za rangi ya waridi. Rangi hiyo si pambo. Ni alama kwamba mbegu imepakwa dawa ya kuua kuvu au wadudu, na pakiti huandikwa kwa herufi ndogo, aghalabu kwa Kiingereza, kuwa isiliwe na binadamu wala mifugo. Mbegu ya namna hiyo ikipandwa shambani, mvua na udongo na miezi mitatu huiondoa dawa. Ikiliwa baada ya siku nane, mlaji anakula dawa. Mwalimu alizitambua, akazirudisha, muuzaji akamwambia hana nyingine. Pakiti yenyewe ni ya gramu chache, na trei moja ya mboga changa, ya ukubwa wa daftari mbili zilizofunuliwa, humeza gramu kumi au zaidi. Yaani mbegu za kutosha kupandia kitalu kizima huishia katika sahani moja. Hesabu hiyo haimfai maskini hata kidogo, isipokuwa awe na mbegu zake mwenyewe.

Na mbegu zake mwenyewe anazipata wapi? Mche mmoja wa mchicha ukiachwa ukomae hutoa mbegu maelfu kwa maelfu. Kunde, saga, mrenda na mitoo nazo hutoa mbegu zake. Kwa karne nyingi mbegu hizi zimepita kutoka kibuyu hadi kibuyu, kutoka kwa mkwe hadi kwa mkwe, na kuuzwa kwa vikombe sokoni. Prof Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta ametumia maisha yake ya utafiti akituonyesha thamani ya mboga hizi ambazo shule ziliwahi kutufunza kuzidharau kama magugu. Lakini Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, Sura ya 326, hasa baada ya marekebisho ya mwaka 2012, ilimweka mkulima aliyeuza au kubadilishana mbegu zisizoidhinishwa katika hatari ya kufungwa hadi miaka miwili au kutozwa faini ya hadi shilingi milioni moja. Shilingi milioni moja kwa kikombe cha mbegu za kunde!

Mwaka 2022 wakulima wadogo 15 walikwenda mahakamani kuipinga sheria hiyo. Novemba 2025, Jaji Rhoda Rutto wa Mahakama Kuu aliamua kwamba vifungu vilivyowafanya wakulima kuwa wahalifu kwa kuhifadhi, kugawana na kubadilishana mbegu zao za asili vinakiuka Katiba. Uamuzi huo uliguswa sana katika habari za kilimo kwa siku chache, kisha ukasahauliwa. Mimi nathubutu kusema kwamba kwa mwalimu na mwanafunzi ulikuwa na uzito kuliko habari nyingi za siasa za mwezi huo. Kifungu cha 11 cha Katiba ya 2010 kinaliagiza Bunge litunge sheria za kutambua na kulinda umiliki wa mbegu za asili, na kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa. Ni vigumu kueleza jinsi haki hiyo ya pili ingeweza kusimama ilhali ya kwanza imefungwa pingu.

Wako wanaosema kwamba udhibiti ukilegezwa, walaghai watawauzia wakulima mbegu bandia. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Tuliona mwaka 2024 jinsi wakulima walivyouziwa mchanga na mawe yaliyosagwa kwa jina la mbolea, tena katika mpango wa serikali. Taasisi ya kukagua afya ya mimea, KEPHIS, ina kazi ya lazima: anayeuza tani za mbegu za mahindi kwa maelfu ya wakulima asiowafahamu sharti akaguliwe. Lakini huyo si sawa na jirani anayempa jirani mbegu alizozila mwenyewe mwaka jana. Kuwatia wote wawili katika kapu moja kulikuwa kosa la kisheria, na sasa limesahihishwa na mahakama. Kinachobaki ni kuona kwamba warasimu hawalirudishi kwa kanuni ndogo ndogo.

Shule zinaweza kuyageuza haya yote kuwa jambo la kuonekana. Somo la kilimo na lishe katika mtaala wa umilisi linataka wanafunzi watende, na wazazi wamelalamika vya kutosha kuhusu kutumwa kununua vifaa vya maonyesho ambavyo hutupwa baada ya kupigwa picha. Badala ya mkebe wa pamba, kila shule inaweza kuwa na rafu ya chupa za mbegu zilizoletwa na wanafunzi kutoka kwao, kila chupa ikiwa na jina la mmea kwa lugha ya nyumbani na kwa Kiswahili, mwaka wa kuvunwa, na kijiji. Hifadhi ya taifa ya mbegu iko Muguga, na ni muhimu, lakini mtoto wa Mwingi au Vihiga hatafika Muguga. Kabla ya kuhifadhiwa, mbegu hujaribiwa: kumi huwekwa kwenye kitambaa kibichi na kuhesabiwa ngapi zimechipua. Hapo kuna hisabati, kuna sayansi, na kuna maneno ambayo mwalimu wa lugha hataki yafe.

Kuhusu chakula chenyewe, sipendekezi mradi mkubwa. Ndengu zimo katika mapishi ya shule nyingi, na kaunti kama Kitui, iliyoendesha kampeni kubwa ya zao hilo baada ya uchaguzi wa 2017, ina wakulima wanaotafuta soko. Gunia hilo tayari limo stoo. Shule inunue ndengu za chakula zisizopakwa dawa, ipate beseni la plastiki lenye kifuniko cha kupitisha hewa na chujio pana la kumwagia maji, na maji yenyewe yawe yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Mpishi aloweke Jumapili jioni, amwage maji Jumatatu asubuhi, asuuze mara tatu mchana kutwa, asuuze tena Jumanne alfajiri, na kufikia saa nne atie ndengu zenye vimizizi vya urefu wa nusu ukucha katika sufuria inayotokota.